Kwa Nini Mahindi Hukunja Majani Yake

Mkulima wa Dodoma apitaye shambani saa saba ya mchana, mvua ikiwa imekatika siku nyingi, ataona majani ya mahindi yamejikunja kama mkeka. Wako wasemao kuwa mmea umelala, na wako wasemao kuwa umekwisha kufa. Si hivi wala si vile. Mmea unazuia maji yake yasipotee.

Katika kila jani yamo matundu madogo mno, yasiyoonekana kwa macho. Kwa matundu hayo mmea huvuta hewa ya ukaa, na kwa hewa hiyo, pamoja na maji na nuru ya jua, hujitengenezea chakula. Lakini tundu liingizalo hewa ndilo litoalo maji. Mizizi isipoweza kuleta maji upesi kama jua linavyoyachukua, matundu huzibwa, na jani hujikunja ili lisipigwe sana na jua na upepo. Maji huokoka, bali kazi ya kutengeneza chakula hupungua. Mmea haujafa, uko katika saumu.

Basi usihukumu shamba lako adhuhuri. Nenda alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukikuta majani yamekunjuka, mizizi imepata maji usiku, ngoja. Ukikuta yangali yamejikunja, maji yamekwisha karibu na mizizi, na hasara imeanza.

Ukubwa wa hasara hiyo hutegemea umri wa mmea. Mahindi machanga hustahimili, na mvua ikirudi huendelea kukua. Wakati wa hatari ni wiki mbili kabla ya kutoa ndevu na wiki mbili baadaye. Kila unywele wa ndevu hizo umeshikamana na punje moja changa, na punje haifanyiki mpaka unga wa manjano wa mbelewele uuangukie unywele wake. Katika ukame mbelewele humwaga unga karibu na siku zake za kawaida, lakini ndevu huchelewa. Zitokapo, unga umekwisha kupeperushwa. Ndevu za chini ya gunzi hutangulia, za nchani hutoka mwisho, ndiyo maana huonekana magunzi yenye ncha tupu. Mvua ya baadaye hurudisha ukijani wa majani, wala hairudishi punje. Hapo wengi hudanganyika.

Wewe usidanganyike. Kiasi cha wiki moja baada ya ndevu kutoka, chuma magunzi kumi mahali mbalimbali, uyamenye taratibu, kisha uyatikise. Ndevu zilizopata unga hudondoka. Zisizopata hubaki zimeshika. Ukijua mapema kuwa ghala halitajaa, waweza kuuza mbuzi kabla bei yao haijashuka na kununua nafaka kabla haijapanda.

Mtama una tabia nyingine. Jani lake limepakwa nta, na ukikosa maji husimama bila kukua, kisha mvua irudipo huendelea. Najua watu huuacha kwa sababu ya ndege, na kuwinga ndege ni kazi ya kuchosha watoto na wazee. Lakini Ugogo hupata kiasi cha milimita 500 mpaka 600 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja tu, nayo mara nyingi hukatika Januari au Februari. Mahindi ya muda mfupi hutoa ndevu kiasi cha siku 50 mpaka 60 baada ya kupandwa. Hesabu mwenyewe: yaliyopandwa katikati ya Desemba yatatoa ndevu Februari. Yaweke basi penye udongo wa bondeni ushikao maji, na mwinuko uwe wa mtama au uwele. Palilia mapema, maana magugu hunywa maji yale yale.

Na ukiwa na ng'ombe, uwazuie wasile mtama mchanga uliodumazwa na ukame, wala machipukizi yake mapya mvua irudipo, kwani huwa na sumu iwezayo kuua upesi.