Tangazo Lililogeuzwa Picha

Desturi moja imeota mizizi katika afisi zetu nyingi, nayo ni ya kuyatoa matangazo ya umma kwa picha. Karani huliandika tangazo kwenye kompyuta, akalichapa, mkubwa wake akatia saini na muhuri. Kisha karatasi ile hupigwa picha, na picha ikatundikwa katika tovuti ya afisi. Mwenye macho mazima na simu nzuri hulisoma wala asione kasoro. Lakini tangazo la umma ni la umma mzima, na hapo ndipo penye shaka yetu.

Hivi karibuni tuliifungua tovuti ya afisi moja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa haiko peke yake, tukitafuta orodha ya vijana walioitwa kwenye usaili. Kwanza zilitujia picha kubwa kubwa za uzinduzi, utepe ukikatwa na makofi yakipigwa. Kisha picha ya pwani, na maneno meupe yameandikwa juu ya mchanga mweupe. Orodha yenyewe ilikuwa chini kabisa, picha nne za karatasi zilizopigwa upande upande. Kijana tuliyekuwa naye haoni, na simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Ilipofika penye orodha ilitamka “picha” mara nne, ikanyamaza. Kama jina lake limo au halimo, hakuweza kujua mpaka alipotafutiwa na mwengine.

Zipo siku hizi programu zinazojaribu kuyang'amua maneno yaliyomo pichani, lakini karatasi iliyokaa upande, na muhuri umeangukia juu ya majina, huzishinda. Wala hasara haimfiki asiyeona peke yake. Ukurasa wenye herufi 2,000 ni kama kilobaiti 2 tu. Picha ya ukurasa huo huo ikipigwa kwa simu aghalabu hufika megabaiti 3, yaani mara 1,500. Tofauti hiyo hailipwi na afisi. Hulipwa na mkulima wa Micheweni kutoka katika salio lake. Na mzee akitaka kuyakuza maneno apate kuyaona, hukua na ukungu wake.

Jambo hili limekwisha kufikishwa mbele ya sheria kwengineko. Mwaka 1999 Bwana Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliwashitaki waandalizi wa Michezo ya Olimpiki ya Sydney mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo, kwa kuwa tovuti yao ilikuwa na picha nyingi zisizo na maelezo ya maneno. Waandalizi walijitetea kwamba marekebisho yangechukua zaidi ya mwaka na kugharimu mamilioni. Wataalamu wa upande wa pili wakasema ni kazi ya wiki chache. Mwezi wa Agosti 2000 Tume ilimpa haki Bwana Maguire, ikaamuru tovuti irekebishwe hadi siku ya kufunguliwa Michezo. Haikurekebishwa yote, na waandalizi wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia.

Hatusemi picha ziondolewe. Visiwa hivi vinapendeza, na mgeni anayetaka kuja ana haki ya kuviona. Tunasema kila picha yenye habari iandikiwe sentensi moja ya maelezo, mahali maalumu palipowekwa kwa kazi hiyo katika kila tovuti. Ile ya pambo tu iachwe wazi, ili programu iipite bila ya kumchosha msikilizaji. Picha ipunguzwe ukubwa kabla ya kupandishwa. Maandishi yasiwekwe juu ya picha. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti uliotolewa na W3C mwaka 2008 umetaka weusi na weupe wa maandishi na mandhari yake vipishane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na mchanga wa pwani yetu hauufikii.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kimeitaja intaneti kwa jina. Kwa hiyo wahusika hawaombwi hisani. Wala hawaombwi fedha: programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Bwana Michael Curran, naye pia haoni, hutolewa bure, na sauti ya Kiswahili imo, ingawa ni ya kibati kidogo. Afisa yeyote anaweza kuiweka katika kompyuta yake, akafumba macho, akaisikiliza tovuti ya afisi yake mwenyewe.

Na ile orodha ya usaili? Kabla ya kuchapwa, kupigwa muhuri na kupigwa picha, ilikuwa maandishi, nayo bila ya shaka bado imo katika kompyuta ya karani. Tunaomba itolewe hiyo, kabla ya siku ya usaili.