Kwa Nini Mbolea Huunguza Mbegu

Mkulima, bila shaka umeona kitunguu cha kachumbari kikitiwa chumvi. Kikiachwa robo saa, bakuli huwa na maji. Hakuna aliyeyatia, yametoka ndani ya kitunguu chenyewe. Jambo hilo hilo hutokea shambani mwako, na huko hasara yake ni mbegu na mbolea uliyonunua kwa fedha za maziwa.

Mimi nakaa Kilimani, hapa Nairobi. Majumba ya orofa yamejaa, lakini nyuma ya nyumba nina magunia matatu ya sukuma wiki. Mwaka jana nilitaka majani mapana upesi, basi nikatia konzi ya CAN kwenye mashina na kunyunyiza maji kidogo. Kesho yake majani yamelegea kama yaliyokosa mvua mwezi mzima. Nikachimba kwa kidole: udongo ulikuwa umelowa! Jirani mmoja akanishauri niongeze mbolea.

Sababu ni hii. Mmea umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli imefunikwa na utando mwembamba sana. Maji hupita katika utando huo kwa urahisi, lakini chumvi huzuiwa. Tena maji huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Wataalamu huita mwendo huo osmosisi. Kwa kawaida mzizi una chumvi kuliko udongo, kwa hiyo maji huingia. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Ukiirundika penye mzizi, maji hugeuka njia yakatoka. Mmea hufa kwa kiu katika udongo uliolowa.

Utando una milango maalumu ya maji. Peter Agre wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuigundua. Chakula cha mmea kina milango yake pia, na kingine huingizwa kwa nguvu ambayo mzizi huipata kwa kupumua. Ndiyo sababu mahindi yaliyosimama katika maji hugeuka manjano hata ukiyatilia mbolea: mzizi umekosa hewa.

Ukitaka kuhakikisha, chukua kiazi kimoja, ukikate vipande viwili vyembamba. Kimoja kiweke katika maji matupu, cha pili katika glasi ya maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Asubuhi cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili utakikunja kama ngozi. Waonyeshe watoto.

Basi wakati wa kupanda mahindi, tia DAP kizibo kimoja cha soda katika kila shimo, uichanganye na udongo, ndipo uweke mbegu. DAP ina ubaya mwingine: hutoa hewa ya amonia inayodhuru mche mchanga. CAN ingoje mahindi yafike magotini, uitie kiasi cha inchi 6 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu. Samadi mbichi ya kuku pia huunguza. Iache ioze kwanza.

Ukiwa umekwisha kukosea, mwaga maji mengi yapeleke chumvi chini. Mimi nilimwaga madebe mawili kila gunia mpaka yakatoka chini. Magunia mawili yakapona. La tatu niling'oa yote nikapanda upya.