Nani Anakula kwenye Foleni ya Santorini

Bandari ya zamani iliyo chini ya mji wa Fira haina gati la kupokea meli kubwa, na hapo ndipo biashara inapoanzia. Kisiwa hiki cha Ugiriki ni ukingo wa volkano iliyolipuka takriban miaka 3,600 iliyopita. Katikati yake paliporomoka, bahari ikajaza shimo hilo kwa kina kinachokaribia mita 400. Nanga haipati pa kushika. Meli yenye abiria 3,000 husimama majini, na anayetaka kukanyaga nchi kavu hupanda boti za wenyeji, ambao wana chama chao na wameishika kazi hiyo kwa miaka mingi.

Boti ikifika ukingoni, safari bado haijaisha. Mji uko juu ya mwamba, zaidi ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na njia za kupanda ni tatu: ngazi zipatazo 588, mgongo wa punda au baghala, ama gari la kebo. Gari hilo lilijengwa kwa fedha za familia ya tajiri wa meli, Evangelos Nomikos, na linaendeshwa na taasisi yenye jina lake na la mkewe Loula. Wenye punda waliona riziki inawaponyoka. Ikakubaliwa kwamba sehemu ya mapato ya kebo wapewe wao. Kwa hiyo abiria anayemhurumia mnyama na kuchagua kebo, naye anachangia mfuko wa mwenye punda. Ni mapatano ya kibiashara ya kiungwana kuliko mengi yanayoandikwa na mawakili.

Punda wenyewe walipata nafuu kidogo mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku kuwabebesha mzigo unaozidi kilo 100 au moja ya tano ya uzito wa mnyama. Wanaharakati walikuwa wamepiga kelele kwa muda mrefu kuhusu watalii wazito na mteremko mkali.

Sasa tupige hesabu. Kebo ina vibanda sita kila upande, kila kimoja watu sita; safari moja hupandisha watu 36. Kupandisha abiria 8,000 kunahitaji safari zaidi ya 220, kisha wote hao wanataka kushuka jioni, tena kwa pamoja, kwa sababu boti ya mwisho haimsubiri mtu. Foleni ya kushuka inaweza kuchukua muda mrefu kuliko chakula cha mchana.

Foleni hiyo inamuumiza nani? Mwenye mgahawa kwanza. Abiria ana saa sita au nane tu kisiwani, na tumbo lake limeshalipiwa melini: kifungua kinywa kabla ya kushuka, chakula cha jioni baada ya kurudi. Kila dakika anayosimama juani ni dakika asiyokaa mezani kuagiza fava, zile mbegu za manjano za jamii ya kunde zilizosagwa ambazo kisiwa kinajivunia, au glasi ya mvinyo wa zabibu za Assyrtiko. Masonara na maduka ya zawadi yaliyo hatua chache kutoka kituo cha kebo hawana malalamiko makubwa. Mwenye mgahawa kijijini Pyrgos, mbali na kituo, hadithi yake ni nyingine.

Kampuni za meli zimeona mwanya. Abiria anayenunua ziara ya melini hupelekwa kwa boti hadi bandari nyingine, Athinios, ambako mabasi yanamngoja na kumpandisha kwa barabara ya kona kali. Anakwepa foleni ya asubuhi, anaoneshwa kijiji cha Oia chenye kuta nyeupe na makuba ya buluu, kisha anaachwa Fira ajishukie mwenyewe. Bei ya ziara hiyo inapangwa na kampuni, mwenye basi na kiongozi wa watalii wanalipwa fungu lao, na tofauti inabaki melini. Wanaouza ziara kama hizo wakiwa wamesimama bandarini na mabango yao wanagombania waliosalia.

Wingi wa wageni ndio uliokifikisha kisiwa mahali pagumu. Santorini ina wakazi wapatao 15,500. Mwaka 2023 meli zipatazo 800 zilileta abiria milioni 1.3, achilia mbali waliokuja kwa ndege na feri. Siku za msongamano, meli peke yake ziliwahi kushusha watu 17,000, wengi kuliko wenyeji wote. Kisiwa hakina mito. Maji mengi ya bomba ni ya bahari yaliyochujwa chumvi, kwa gharama kubwa ya umeme. Mgeni wa hoteli hulipia maji hayo ndani ya bei ya chumba na kodi ya kila usiku. Mgeni wa meli hutumia barabara, choo na pipa la taka, kisha huyo anaondoka.

Meya Nikos Zorzos alikuwa akidai ukomo kwa miaka. Kwa msimu wa 2025 kiwango kikawa abiria 8,000 kwa siku. Julai mwaka huohuo serikali ikaanza kutoza ada: yuro 20 kwa kila anayeshuka Santorini au Mykonos kati ya Juni na Septemba, na yuro 5 katika bandari nyingine. Siku iliyojaa hadi ukomo huingiza yuro 160,000, zinazogawanywa baina ya manispaa, wizara ya usafiri wa baharini na wizara ya utalii. Manispaa kupata thuluthi ilhali taka zote ni zake ni mgawanyo wa kutia shaka.

Mwaka huo ulikwisha kuanza vibaya. Februari, mfululizo wa matetemeko ya ardhi uliwaondoa kisiwani zaidi ya watu 11,000, na baadhi ya meli zikabadilisha ratiba. Meli ina faida ambayo hoteli haina: inaweza kugeuza usukani.

Na bado makampuni yanazidi kujisogeza pwani. Mwaka 2025 Royal Caribbean ilitangaza mpango wa kufungua klabu yake ya ufukweni Santorini, ambapo abiria wake watakula, kunywa na kuogelea kwa tiketi iliyonunuliwa melini. Wenye migahawa ya Fira wana sababu ya kukuna kichwa. Waendesha boti hawana wasiwasi sana, kwani hata mteja wa klabu hiyo hana namna ya kufika nchi kavu bila chombo cha kumvusha.