Dirisha jeusi limefungukia wapi? Chunga usifute harusi ya watu!

Ukitoka soko la Karume pale Mchikichini ukashika njia ya Kariakoo, fundi wa kompyuta hukosi. Mpe flashi yenye picha za harusi ya dada yako, utamwona anafungua dirisha jeusi, anaandika mistari miwili mitatu, kazi kwisha. Unabaki mdomo wazi, unadhani mganga. Sio uganga, mshikaji. Ila kuna mahali hata fundi mzoefu anaweza kuchemsha.

Dirisha hilo kila likifunguka lazima liwe limesimama ndani ya folda fulani, na amri unayoipiga inafanya kazi hapo hapo. Kwenye Windows ukiifungua "cmd" kutoka kwenye menyu, inatua kwenye folda yenye jina lako. Ukiifungua kwa mamlaka ya msimamizi ndio balaa, inatua System32, chumbani kwa Windows mwenyewe! Sasa uanze safari ya "cd" hii na "cd" ile mpaka uifikie flashi, na joto hili la Dar.

Njia za mkato zipo. Uko ndani ya folda ya picha? Futa anwani pale juu, andika "cmd", bonyeza Enter. Limefunguka palepale. Unataka dirisha la pili? Ndani ya lile la kwanza andika "start". Jipya litasimama lilipo la zamani, maana programu inayozaliwa hurithi folda ya mzazi wake. Watu wa Ubuntu wao hubonyeza Ctrl, Shift na N, basi.

Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka. Kama mzazi yuko kwenye picha halisi wakati wewe unadhani yuko kwenye nakala, mtoto naye yuko huko huko. Haya, piga "del *.jpg" uone! Haikuulizi mara mbili, wala haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Bi harusi, keki, mashangazi na vitenge vyao, kwaheri. Na mwenye mali yuko nje kwenye benchi anasubiri.

Njia kamili ya folda imeandikwa mwanzo wa mstari, isome kabla ya kufuta. Ukiandika "cd" peke yake, "cmd" itakutajia ulipo. Kwenye Linux andika "pwd", kwani huko "cd" tupu inakurudisha nyumbani bila hata hodi.