Mteremko wa Kilima, Kuelekea Wapi?

Tuliwahi kuwapa wanafunzi wa somo la tafsiri ukurasa mmoja wa hisabati. Sentensi mojawapo ilihusu mstari unaogusa uso uliopinda. Wengi waliandika "mteremko wa uso kwenye nukta hiyo", nasi tukawapa alama zote. Mwenzetu wa hisabati ndiye aliyetuonyesha kwamba maneno hayo, ingawa ni Kiswahili safi, yameacha swali bila jibu.

Mchirizo laini uliochorwa karatasini huwa na tanjenti moja kwenye kila nukta, yaani mstari ulionyooka unaougusa na kufuata uelekeo wake hapo. Uso, kama ule wa mgongo wa kilima, una tanjenti zisizo na idadi kwenye nukta ileile, kila moja na upande wake.

Tuchukue kilima ambacho kimo chake kwa mita ni z = 50 − x²/100 − y²/50. Tunapima x kuelekea mashariki na y kuelekea kaskazini, kuanzia kileleni. Tusimame penye x = 30 na y = 20, ambapo kimo ni mita 33. Tukikikata kilima wima kama mkate, kutoka magharibi hadi mashariki, y haibadiliki, hivyo tunaishika kama namba ya kudumu. Kiwango cha badiliko la z ni −x/50, yaani −0.6. Tukikikata kwenda kaskazini, x ndiyo inayoshikwa, nasi tunapata −y/25, yaani −0.8.

Namba hizo mbili zinatosha kwa pande zote. Hatua ya mita moja yenye sehemu 0.6 mashariki na 0.8 kaskazini inatoa (−0.6 × 0.6) + (−0.8 × 0.8) = −1; huko ndiko kilima kinakoshuka kwa ukali kuliko kwingine. Lakini 0.8 mashariki na 0.6 kusini inatoa −0.48 + 0.48 = 0. Hupandi wala hushuki. Wakulima wa Kabale huchimba matuta yao kwa kufuata uelekeo wa namna hiyo.

Limebaki neno lenyewe. "Mteremko" tayari linashuka, basi "mteremko hasi" ni kupanda au kushuka? Darasani tumechagua "mwinamo", ingawa wapo wanaosema kuinama nako ni kushuka. Alama hatukuzirudisha, kwani kosa lilikuwa letu. Tafsiri tunayoikubali sasa ni "mwinamo wa uso kwenye nukta hiyo, kuelekea mashariki".