Fomu za Mwanagenzi Zahamia Katika Simu
Mambo yawapasayo wazazi kuyajua

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huu twautumia sana tunapohesabu fedha za duka au kilo za majani ya chai. Lakini iko mali nyingine nyumbani mwetu ambayo nayo yahitaji daftari, yaani ujuzi wa kijana anayejifunza kazi.

Tazameni kijana aliyeko gereji hapa Tukuyu, au msichana anayejifunza kushona kule Katumba, au yule aliyepelekwa na chuo chake kufanya mazoezi katika kiwanda cha chai. Wote hao hujifunza kwa mikono yao. Jioni ikifika, gari lililotengenezwa limekwisha ondoka, na gauni limechukuliwa na mwenyewe. Kitu gani kitaonyesha kwamba kijana alifanya kazi ile? Ni maandishi tu.

Kwa sababu hiyo vyuo hutoa fomu. Kwanza kuna mkataba, unaosema kijana atakaa kwa nani na kwa muda gani. Pili kuna daftari la kila siku, analoandika kazi aliyoifanya. Tatu kuna fomu ya fundi, ya kumpima mwanagenzi wake. Fomu hizi zikipotea, au zikikosa sahihi, kijana aweza kuambiwa arudie mazoezi. Hapo mzazi atauza tena ndizi au debe la viazi ili alipe nauli na chumba mara ya pili.

UDHAIFU WA KARATASI

Hapana haja ya kuwaeleza watu wa Rungwe habari za mvua. Daftari lililobebwa katika mfuko wa plastiki kutoka Masoko hadi mjini, masika yote, hufika limevimba na wino umetawanyika. Tena kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilometa 70 hivi. Ikiwa chuo kiko huko, kijana hufunga safari nzima kwa ajili ya muhuri mmoja.

Lakini mvua na safari si ubaya mkubwa. Ubaya mkubwa ni kwamba mwalimu wa chuo huliona daftari mwisho wa mazoezi, wakati jambo lililoharibika haliwezi kutengenezwa tena. Kijana aweza kukaa miezi miwili gereji akiosha magari na kutumwa chai, asifungue injini hata moja. Usiku wa mwisho hukaa na kalamu moja, akaijaza miezi yote miwili kwa mwandiko uleule, na fundi hutia sahihi bila kusoma. Karatasi imetimia, ujuzi haupo. Anayedanganywa hapo ni mzazi aliyelipa ada, pamoja na mtu atakayempa kijana huyo gari lake alitengeneze.

MABADILIKO YAMEKWISHA ANZA

Siku hizi mambo mengi ya namna hii yanahamishwa kutoka katika karatasi kwenda katika kompyuta na simu. Kwetu si jambo geni. Mwaka 2013 mkoa wetu wa Mbeya ulitangulia katika mpango wa RITA wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano. Mama alikwenda zahanati au ofisi ya kata, habari za mtoto zikapelekwa makao makuu kwa simu ya mkononi, naye akapewa cheti kilichoandikwa kwa mkono. Tulikumbuke jambo hili: simu ilipeleka habari, lakini karatasi ilibaki mkononi mwa mama.

Mwaka 2016, VETA pamoja na kampuni ya Airtel walianzisha VSOMO. Mwanafunzi husoma masomo ya ufundi katika simu akiwa nyumbani, kisha huenda chuoni kufanya kazi kwa vitendo. Walimu wetu nao wana mafunzo yao kazini yaitwayo MEWAKA, na Taasisi ya Elimu Tanzania imewawekea masomo katika mtandao. Kadhalika watumishi wa serikali, ambao tangu 2004 walijaza fomu za OPRAS kueleza kazi zao za mwaka, waliziacha walipoletewa mfumo wa PEPMIS katika mwaka wa fedha 2023/24. Mtumishi huandika kazi yake katika mfumo, na mkubwa wake huithibitisha humohumo. Ukitaka kujua kazi hiyo ilivyo, muulize mwalimu wa shule ya kijijini kwako.

Daftari la mwanagenzi likiingia katika simu, njia yake ni hiyohiyo. Kijana huandika: leo nimefungua breki za nyuma, nimebadili raba. Pengine huweka na picha. Fundi hupata ujumbe, akasoma, akakubali au akakataa. Mwalimu aliye chuoni huona siku ileile. Mfumo huandika tarehe na saa, basi ni vigumu kujaza miezi miwili kwa usiku mmoja. Na mwalimu akiona juma la pili limejaa kuosha magari tu, aweza kumpigia fundi simu kungali mapema. Hiyo ndiyo faida iliyo kubwa kuliko zote.

WENZETU WA UJERUMANI

Ujerumani ni nchi yenye sifa ya uanagenzi tangu zamani. Kijana huko hugawa siku zake kati ya shule na karakana, na sheria yao ya mafunzo ya kazi ni ya mwaka 1969. Kila mwanagenzi sharti awe na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, na bila kitabu hicho haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho.

Mwaka 2017 walibadili sheria ili kitabu hicho kiweze kuandikwa kwa karatasi au kwa kompyuta. Lakini waliweka sharti zuri: mkataba wenyewe sharti useme tangu mwanzo ni njia ipi itakayotumika. Tena mwenye karakana hana budi kumpa kijana nafasi ya kuandika kitabu chake palepale kazini. Hawakuliacha jambo hili likisie njia yake lenyewe. Yafaa nasi tujifunze hapo.

HATARI ZILIZOPO

Tusidhani kwamba simu huondoa udanganyifu. Huuhamisha tu. Kijana aweza kuiazima simu ya fundi wake ili amsaidie kusoma ujumbe, akajithibitishia kazi mwenyewe. Mwingine hana simu ya kufaa, hivyo huenda steshenari ya mjini, akamwachia kijana wa pale neno lake la siri ili amjazie. Sasa kumbukumbu zake zote zi katika mikono ya mtu asiyemjua.

Kuna pia jambo la majina. Tuseme kijana aitwa Ambakisye katika cheti cha kuzaliwa, Simoni katika cheti cha ubatizo, na shuleni aliandikwa yote mawili. Karani wa karatasi humjua kwa sura akamsaidia. Kompyuta haina macho ya namna hiyo. Herufi moja ikipishana, kwake hao ni watu wawili.

Lakini hatari inayonitia wasiwasi zaidi ni nyingine. Mafundi wengi walio hodari katika vijiji vyetu ni wazee wenye simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Mzee aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji pengine hajui bando ni nini. Je, chuo kitawapeleka vijana kwa fundi mwenye simu kubwa, kikamwacha yule mwenye kazi nzuri? Ikiwa hivyo, tutakuwa tumechagua walimu wa watoto wetu kwa kutazama simu zao. Shahidi wa ujuzi ni yule mtu aliyesimama karibu na kijana akaiona kazi. Mfumo wowote unaomwacha shahidi huyo nje ni mbovu, hata ukiwa wa kisasa namna gani.

YAFAAYO KUFANYWA

Kwanza, mzazi aulize kabla ya kutia sahihi mkataba: kumbukumbu za mtoto wangu zitawekwa wapi, na nani atazithibitisha? Kama fundi hana simu ya kufaa, chuo kikubali sahihi yake ya karatasi, na mwalimu aiingize mwenyewe katika mfumo.

Pili, majina yalinganishwe mapema. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha NIDA viwekwe mezani pamoja kabla ya kwenda chuoni. Palipo na kasoro, irekebishwe kwanza.

Tatu, neno la siri ni kama ufunguo wa ghala. Hapewi mtu wa steshenari, wala rafiki. Na fundi naye asimpe mwanagenzi wake simu ili ajithibitishie kazi.

Nne, kijana aandike pia katika daftari la kawaida, hata mistari miwili kila jioni, na fundi aweke sahihi kila juma. Mtandao ukikosekana katika mabonde yetu kwa siku tatu, kazi haitasahauliwa. Daftari la kurasa 100 halimfilisi mtu.

Tano, tuzijue haki zetu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yaitambua sahihi iliyowekwa kwa njia ya kompyuta. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yampa mtu haki ya kuona habari zake zilizowekwa na ofisi, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Chuo si mwenye habari hizo. Mwenyewe ni mwanao.

Mwisho, mambo haya yawahusu hata mafundi wasiopata kukaa darasani. VETA huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti cha kuutambua ujuzi wao. Fundi mwenye kumbukumbu nzuri za kazi zake, na za vijana aliowalea, ana la kuonyesha siku ya kupimwa.

Basi, akina baba na akina mama, mtoto akirudi jioni msimwulize tu kama amekula. Mwulizeni leo amejifunza nini, na nani ameandika. Akijibu kwamba ameosha magari matano, jambo hilo lisingoje mwisho wa mazoezi. Nendeni kwa fundi kesho yake mkazungumze naye kwa heshima.