Mwandishi wa hadithi asikae kungojea mchapishaji

WAHENGA walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii nimeitumia darasani kwa miaka mingi, aghalabu kwa minajili ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi kitenzi kinavyogeuka kuwa nomino. Nakiri kwamba katika miaka hiyo yote nilishughulikia umbo lake na kuisahau maana yake, hadi pale mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliponifunza kile nilichokuwa nikimfunza yeye.

Binti huyo alinijia ofisini, katikati mwa jiji la Nairobi, akiwa amekumbatia mswada wa riwaya ya Kiswahili. Alikuwa ameuandika kwa miaka mitatu, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya shule anakofundisha. Mchapishaji mmoja alikuwa ameukalia mwaka mzima, kisha akamrudishia na barua fupi yenye maneno ya upole: kazi ni nzuri, ila haina nafasi katika mtaala wa shule. Aliniuliza, "Mwalimu, je, nikiitoa mwenyewe katika intaneti, sura moja kila Ijumaa, nitakuwa nimejiharibia jina?"

Nilimjibu bila kusita. "Usithubutu, binti yangu. Kazi isiyopita mikononi mwa mhariri ni aibu kwa mwandishi wake." Kisha nikatwaa kalamu nyekundu na kumwonyesha makosa katika kurasa za kwanza. Nilikata sentensi kadhaa, hasa zile ambazo wahusika wake walizungumza Kiswahili cha Kangemi na Kawangware badala ya kile tunachokiita sanifu. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka.

Yapata miezi minane baadaye, nilikuwa ndani ya matatu katika Barabara ya Waiyaki jioni ya Ijumaa. Msongamano ulikuwa umetufunga chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, na kila abiria alikuwa amezama katika simu yake. Mama aliyeketi kando yangu, kikapu cha mboga miguuni, alikuwa akisoma huku akitabasamu peke yake. Si adabu kuchungulia simu ya mtu, lakini macho hayana pazia. Nikasoma mstari mmoja, na moyo ukanipiga. Niliijua sentensi ile. Ilikuwa miongoni mwa zile nilizozikata kwa wino mwekundu.

"Mama, samahani, unasoma nini?" nikamuuliza.

"Hadithi, mzee. Hutoka kila Ijumaa. Nikimaliza humtumia dada yangu kule Mumias, naye huwasomea wenzake."

Sikumwambia kwamba namjua mwandishi. Nilishuka kituoni nikiwa na haya. Ushauri wangu ungefuatwa, mama yule asingekuwa na cha kusoma jioni ile, wala dada yake kule Mumias.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa halimhusu binti mmoja tu. Uchapishaji wa vitabu nchini Kenya unategemea shule kwa kiasi kikubwa mno. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa, husomwa na maelfu kwa maelfu ya wanafunzi. Isipoteuliwa, hulala ghalani. Marehemu Ken Walibora aliwafikia vijana wa kizazi kizima kwa Siku Njema ya mwaka 1996 na baadaye Kidagaa Kimemwozea, na alistahili kila msomaji aliyempata. Lakini mwandishi anayeandikia watu wazima, au anayeandika kuhusu mambo ambayo mwalimu mkuu hangependa yasomwe bwenini, ataelekea wapi? Mchapishaji hatendi dhambi anapohesabu shilingi zake. Kosa ni letu tunaodhani kwamba mlango wake ndio mlango pekee wa fasihi.

Wala jambo hili si geni katika jiji hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika Ukambani, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya Comb Books hapa Nairobi. Mwaka 1973 alitoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, na mwaka 1974 akatoa After 4.30. Aliwaandika makarani, makatibu, walevi na wapangaji wa vyumba vya kukodi, na watu wa namna hiyo hiyo ndio waliovinunua vitabu vyake. Wahakiki wengi wa vyuo vikuu waliviita takataka. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Kampuni yenyewe haikuumaliza mwongo ule. Hata hivyo, Maillu alikuwa amethibitisha jambo ambalo wasomi walilikana, yaani kwamba Mkenya wa kawaida husoma kwa hiari yake akipewa habari zinazomgusa. Mwaka 1989 mwandishi huyo huyo alitoa Without Kiinua Mgongo, ambamo Kiingereza na Kiswahili vinachanganywa jinsi vinavyochanganywa barabarani. Sisi wanaisimu tuliona kioja. Leo tunawaandikisha wanafunzi wa uzamili kutafiti mchanganyiko wa aina hiyo.

Baada ya Maillu walikuja wengine. Mwaka 2002 marehemu Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine kwa kazi ambayo haikutoka kitabuni bali katika jarida la intaneti. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakaanzisha Kwani? hapa Nairobi, na katika mwaka huo huo wa 2003 Yvonne Adhiambo Owuor akatwaa tuzo ile ile kwa hadithi iliyochapishwa humo. Vijana wale walijenga uwanja wao wenyewe, na dunia ikawafuata humo. Mnamo Machi 2016, kikundi cha waandishi cha Jalada kilitoa katika intaneti hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeiandika kwa Gikuyu, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Mwandishi huyo, aliyetutoka mwaka 2025, alikuwa na wachapishaji wakubwa duniani. Bado hakuona haya kupita njia hiyo.

Na wenzetu wa Tanzania walitutangulia kwa njia nyingine. Magazeti ya Dar es Salaam yamekuza hadithi za mfululizo kwa miaka mingi, na Eric Shigongo alijenga jina lake kwa kuzitoa hadithi zake sehemu kwa sehemu katika magazeti ya kampuni yake kabla ya kuziuza kama vitabu. Msomaji hukatiwa pale panapomuuma, akasubiri wiki nzima. Ni mbinu ya bibi zetu waliokuwa wakisema usingizi umewashika, hadithi itamaliziwa kesho.

Yamkini msomaji, hasa aliye mwanafunzi mwenye mswada chini ya godoro, atauliza: nianzie wapi? Nitasema machache niliyojifunza kwa kumchunguza binti yule, ambaye baadaye nilimtafuta na kumwomba radhi.

Kwanza, aliweka ahadi na kuitimiza. Ijumaa ilikuwa Ijumaa, mvua inyeshe au stima ipotee. Kabla ya kutoa sura ya kwanza, alikuwa na sura 20 zilizokamilika. Wengi huanza kwa kishindo, wakatoa sehemu tatu, kisha wakatokomea. Msomaji aliyeachwa njiani mara moja harudi upesi.

Pili, hakungoja wasomaji wamjie. Aliwaendea. Aliandika anwani ya ukurasa wake kwenye vijikaratasi na kuviacha kwa wasusi wa Kangemi, ambako mteja hukaa saa nne akisukwa bila la kufanya. Aliwapa pia wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya njia mjini. Aliomba nafasi ya dakika 10 katika vilabu vya Kiswahili vya shule jirani, akasoma mwanzo wa hadithi na kukomea pabaya. Hakuwaambia watu kwamba ameandika kitabu kizuri. Aliwaonjesha tu.

Tatu, alijitafutia mhariri. Hapa ndipo nilipokuwa na haki kidogo, na sitaiacha haki hiyo ipotee. Uhuru wa kujichapisha si ruhusa ya kuboronga. Yeye na walimu wenzake wawili walisomeana kazi kila Jumatano, wakarekebishana upatanisho wa ngeli, tahajia na mantiki ya visa. Kiswahili cha msimulizi wake ni safi kuliko cha magazeti mengi. Ni wahusika tu wanaozungumza jinsi watu wa mitaa yao wanavyozungumza, na hilo si kosa la lugha. Mimi ndiye niliyekosa kwa kutaka utingo aongee kama mtangazaji wa redio.

Nne, alijifunza sheria baada ya kuumia. Mtu fulani alizinakili sura zake tano, akazisambaza kwa jina lake mwenyewe, na watu wakampongeza. Binti alilia wiki nzima, akataka kuacha. Kilichomwokoa ni kwamba kila sura yake ilikuwa na tarehe, na wasomaji wake wa Ijumaa wakajitokeza kumtetea hadi mwizi akaziondoa. Waandishi chipukizi wafahamu kwamba nchini Kenya hakimiliki humlinda mwandishi maishani mwake na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwamba kazi inaweza kusajiliwa katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Anayetaka kuigeuza kazi yake kuwa kitabu atapata nambari ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Taifa.

Kitabu chenyewe bado kina nafasi yake. Siku hizi yapo maduka kama Nuria, hapa mjini, yanayowauzia waandishi waliojichapisha, na kila mwaka maonyesho ya vitabu hufanyika katika jumba la Sarit, Westlands. Anayeingia sokoni akiwa na wasomaji 1,000 wanaomjua hazungumzi na mwenye duka kama ombaomba.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba tukiruhusu kila mtu ajichapishe, fasihi ya Kiswahili itagharikishwa na uchafu. Hoja hiyo ina uzito, nami niliishikilia kwa miaka 20. Lakini tujiulize: ni nani aliyeuondoa uchafu katika fasihi za wengine? Hawakuwa wahariri peke yao. Wasomaji wengi, wanaosoma mengi, hujifunza kuchagua. Mtu asiyesoma chochote hawezi kutofautisha pumba na mchele. Fauka ya hayo, Kiswahili hakina upungufu wa kamusi wala wa makongamano. Upungufu wake ni wa mama mwenye kikapu cha mboga anayesoma kwa furaha, bila mtihani unaomsubiri.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mwanafunzi akikuletea hadithi yake, isome kwanza mpaka mwisho kabla ya kuigusa kalamu nyekundu. Muulize anamwandikia nani. Kisha mwonyeshe makosa yake kwa upole, na umtafutie wasomaji kumi darasani. Wanafunzi nao wasiseme kwamba hakuna wa kuwasikiliza iwapo hawajamsomea hata jirani wa bweni.

Binti yule angali anafundisha, na hadithi yake ya pili inatoka kila Ijumaa. Mchapishaji aliyemrudishia mswada hajamwandikia barua nyingine, wala yeye haingoji. Juzi alinitumia sura mpya kabla ya kuitoa, akaniomba maoni. Niliisoma mara mbili, nikasahihisha herufi mbili na koma moja, nikamrudishia. Sentensi za utingo niliziacha kama zilivyokuwa.